Swali Linalotosha Muhula Mmoja

Mswada wangu wa kwanza ulikuwa na kurasa kumi na nne na haukuwa na kitu changu hata kimoja ndani yake. Niliupa jina la "Mchango wa Teknolojia katika Elimu", nikaujaza fasili za kamusi, aya ndefu zilizoanza kwa "kwa mujibu wa", na hitimisho lililowataka wazazi, walimu, serikali na wadau wote washirikiane. Niliutuma kwa jarida la utafiti lililoendeshwa na wanafunzi wenzangu nikiwa na hakika kwamba watanishukuru. Baada ya wiki tatu ulirudi. Mhariri, ambaye alinizidi umri kwa mwaka mmoja tu, hakuwa ameandika maoni marefu, alikuwa ameweka swali moja juu ya ukurasa wa kwanza: "Katika haya yote, ni kitu gani umekiona wewe mwenyewe?"

Nilikasirika kwa siku mbili tatu, kisha nikaketi kulitafuta jibu na nikakuta kwamba sina. Sikuwa nimehesabu kitu, sikuwa nimemhoji mtu, sikuwa nimelinganisha matini mbili, wala sikuwa nimechambua waraka ambao mwenzangu angeweza kuusoma naye akanipinga. Nilikuwa nimeiga sauti ya watafiti bila kufanya kile wanachokifanya kabla ya kushika kalamu. Sasa huu ni mwaka wangu wa nne upande wa pili wa meza, kwanza nikiwa mhakiki na baadaye nikiwa mmoja wa wahariri wa jarida jingine la vijana, na miswada mingi inayonifikia ina kasoro ileile. Tatizo lake kubwa si sarufi wala marejeleo, ingawa hayo nayo yapo. Ni kwamba mwandishi amechagua swali kubwa mno hata hakuna analoweza kulifanya ili alijibu. Mada pana hupendwa kwa sababu haimwajibishi mtu: anayeandika kwamba mitandao ya kijamii ina faida na hasara hawezi kukosea, na asiyeweza kukosea hana utafiti wa kutuonyesha.

Ninapotaka kumwonyesha mwandishi mpya ukubwa wa swali ninaoukusudia, humsimulia habari ya nyuki wa Blackawton. Mwezi Desemba 2010, jarida la Biology Letters, linalochapishwa na Royal Society ya London, lilitoa makala iliyoandikwa na watoto 25 wa shule ya msingi ya kijiji cha Blackawton, katika jimbo la Devon nchini Uingereza, wenye umri wa kati ya miaka 8 na 10, wakisaidiwa na mwanasayansi Beau Lotto. Watoto hao walijiuliza iwapo nyuki wale wakubwa wenye manyoya huchagua ua kwa rangi yake peke yake, au wanaweza pia kuzingatia mahali ua hilo lilipo miongoni mwa maua mengine. Walitengeneza sanduku lenye vibao vya miduara iliyowaka taa za rangi, wakaweka maji ya sukari katika miduara ya katikati, na kuwazoesha nyuki kwamba chakula kipo penye rangi moja iliyozungukwa na rangi nyingine. Kisha wakaiondoa sukari na kutazama nyuki wanakwenda wapi. Nyuki waliweza kuunganisha rangi na mahali, na watoto wakaandika hivyo. Makala yenyewe haikuwa na orodha ya marejeleo, michoro yake mingine ilipakwa rangi kwa penseli, na ilianza jinsi ngano zinavyoanza, hapo zamani za kale.

Wengi huisimulia habari hii kama jambo la kuchekesha. Mimi naiona kuwa somo la mbinu, kwa maana swali lao lilikuwa na sifa tatu ambazo mswada wangu wa kurasa kumi na nne haukuwa nazo: lingeweza kujibiwa kwa vitu walivyokuwa navyo, jibu lingeweza kuwa ndiyo au hapana, na hakuna aliyelijua jibu kabla ya wao kutazama. Hata hivyo, lazima niongeze tahadhari, maana mwandishi mmoja aliwahi kuitumia hadithi hiyo kunieleza kwa nini yeye naye hakuweka marejeleo. Jarida liliichapisha makala ya watoto pamoja na maelezo ya wataalamu wawili yaliyoiweka kazi hiyo kati ya tafiti zilizotangulia. Kazi ya kusoma waliotangulia haikufutwa. Ilibebwa na wengine kwa sababu waandishi walikuwa na miaka minane hadi kumi. Mwanafunzi wa miaka kumi na minane ataibeba mwenyewe.

Mfano wa pili ninaoutumia ni wa Emily Rosa, msichana wa Marekani aliyefanya jaribio lake akiwa na umri wa miaka 9, na makala ikatoka katika jarida la tiba la JAMA mwezi Aprili 1998 alipokuwa na miaka 11, akishirikiana na watu wazima akiwamo mama yake. Kulikuwa na watoa tiba waliodai kwamba wanahisi nguvu inayozunguka mwili wa mgonjwa bila kumgusa. Emily aliwaketisha 21 kati yao nyuma ya kizuizi, wakapitisha mikono yao miwili chini yake wasiweze kuona, naye akausogeza mkono wake karibu na mmoja wa mikono yao, kura ya sarafu ikiwa imeamua ni upi. Kazi yao ilikuwa kusema ni mkono gani. Katika majaribio 280 walipata 123, yaani asilimia 44, ilhali mtu anayebahatisha tu angetarajiwa kupata karibu nusu. Ninachokipenda ni ile sarafu. Mtoto alijua kwamba akichagua mkono kwa kichwa chake anaweza kuwa na mazoea ambayo mtu mwingine atayanusa, kwa hiyo uamuzi akaukabidhi kitu kisicho na mazoea.

Ushauri wa kupunguza swali ni rahisi kuutoa na ni mgumu kuutekeleza, kwa hiyo nitaeleza jinsi unavyokwenda katika mazungumzo yetu na waandishi. Mada ya simu na usingizi imenifikia kwa sura nyingi, na kwa kawaida huja ikiwa na jina kama "Athari za Simu kwa Afya ya Vijana". Namuuliza mwandishi atamtazama nani. Akijibu kwamba ni wenzake wa bweni, basi "vijana" wamekwisha kuwa wakazi wa bweni moja, na ni heri jina la makala liseme hivyo mapema kuliko mhakiki aje aseme. Namuuliza ni afya ipi. Akisema usingizi, namuuliza ataupima vipi, na hapo ndipo mazungumzo huwa marefu, kwa sababu kumwuliza mtu kila asubuhi amelala saa ngapi si sawa na kumwomba siku ya Ijumaa akumbuke wiki nzima. Kumbukumbu husawazisha siku mbaya na nzuri, na mara nyingine hutaka kumpendeza muulizaji. Kisha namuuliza kuhusu simu yenyewe: iliyo mkononi, iliyo chini ya mto, iliyozimwa, au ile ambayo kazi yake usiku ni kuwa saa ya kuamshia? Baada ya saa moja hivi tunakuwa na swali lisemalo: je, katika wiki mbili za masomo, wakazi wa bweni hili wanaolala na simu kitandani huripoti saa chache za usingizi kuliko wanaoiacha mezani?

Waandishi wengi hapo huona kwamba nimewanyang'anya kitu. Walikuja na bahari, wanaondoka na kikombe. Nawaelewa, maana swali dogo lina aibu yake. Ukiliambia kwa jamaa zako watakuuliza kama hilo ndilo linalokupotezea usingizi wewe mwenyewe. Lakini kikombe kinaweza kupimwa, na mara kinapopimwa huanza kutoa maswali ambayo bahari haikuyatoa. Mwandishi akikuta kwamba wenye simu kitandani hulala kidogo zaidi, bado hajui kama simu ndiyo sababu, kwa kuwa inawezekana asiyepata usingizi ndiye anayeikimbilia simu. Inawezekana pia kwamba wiki ya pili ilikuwa ya mitihani na kila mtu alikesha. Kama angetaka kuikaribia sababu yenyewe, angalau kura ingepaswa kuamua nani aache simu mezani na nani abaki nayo, kama sarafu ya Emily. Mwanafunzi anayeandika aya hiyo kwa mkono wake, bila kusukumwa, amekwisha kuelewa tofauti ya uhusiano na sababu kuliko yule aliyeinukuu kutoka kitabuni.

Wanaoandika historia au fasihi wasidhani kwamba haya ni ya wenye maabara. Huko nako swali linaweza kuwa la kikombe: waraka mmoja uliosomwa kwa makini, matoleo mawili ya shairi moja yaliyowekwa bega kwa bega, jinsi gazeti moja lilivyoliita tukio moja katika mwezi wa kwanza na jinsi lilivyoliita mwaka mmoja baadaye. The Concord Review, jarida la Marekani lililoanzishwa na Will Fitzhugh mwaka 1987, limekuwa likichapisha insha za historia za wanafunzi wa sekondari kwa miongo kadhaa, na hakuna aliyehitaji darubini.

Takwimu zina ugonjwa wake. Niliwahi kusoma katika mswada kwamba "asilimia 66.7 ya waliohojiwa walikubaliana na kauli hii", nikatafuta idadi ya waliohojiwa, nikaikuta kwenye kiambatisho: walikuwa watatu. Wawili walikubali. Desimali ile haikuwa uongo, ila ilikuwa vazi la harusi lililovalishwa jambo la kawaida. Tangu hapo tuna kanuni katika jarida letu kwamba penye watu wachache mwandishi ataje idadi kamili, na asilimia ikae pembeni au isiwepo kabisa. Sampuli ndogo yenyewe si dhambi. William Sealy Gosset, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness, alichapisha mwaka 1908 njia ya kukadiria kiasi cha mashaka katika wastani unaotokana na vipimo vichache, kwa kuwa kazini kwake vipimo vingi havikupatikana kwa urahisi. Hakutumia jina lake. Alijiita "Student", yaani Mwanafunzi, na njia hiyo ingali inaitwa kwa jina hilo hadi leo. Huwa nafurahi kuwakumbusha waandishi wetu kwamba hesabu ya wenye data chache imebeba jina lao.

Kuhusu mpangilio, sina mengi. Utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala ni mfuatano wa kusomea, si lazima uwe mfuatano wa kuandikia. Mimi huwashauri waanze na mbinu, kwa sababu ndiyo sehemu pekee wanayoweza kuiandika siku ileile waliyofanya kazi, kabla hawajasahau kwamba hojaji nne zilipotea na kwamba siku ya tatu walianza kwa kuchelewa. Ikisiri, yaani muhtasari wa makala, iandikwe mwisho, inapojulikana ni kitu gani kinafupishwa.

Lugha inanigusa zaidi. Kiswahili kina kauli ya kutendeka inayomficha mtenda kwa urahisi wa ajabu, na mwandishi mwanafunzi huikimbilia kama mtu anayekimbilia kivuli. "Ilibainika kwamba." "Imeonekana kuwa." "Inaaminika." Nani aliyebaini, alionea wapi, na wanaoamini ni kina nani? Katika sehemu ya mbinu ninawataka waandike "nilihesabu", "tuliwauliza", "sikuweza kuwafikia", na mara nyingi sentensi inapopata mtenda wake ndipo inapogundulika kwamba hakuna aliyelitenda jambo lenyewe. Ilibainika kwamba wanafunzi hawapendi hisabati. Basi, nilibaini vipi? Kumbe sikubaini, nilidhani. Sarufi imefanya kazi ya mhakiki.

Mapitio ya machapisho ndiyo sehemu inayogeuka upesi kuwa foleni ya majina, fulani na mwaka wake, fulani mwingine na mwaka wake, bila neno la kueleza wanapatana au wanapingana wapi. Siku hizi kuna tatizo jipya juu ya lile la zamani. Programu za akili mnemba zinaweza kubuni rejeleo lenye kila dalili ya ukweli: jina la mwandishi linaloaminika, jarida lililopo kweli, mwaka, hata kurasa, na makala yenyewe isiwepo popote. Kwa sababu hiyo, kila rejeleo katika miswada tunayoipokea hufunguliwa na mtu mmoja wa bodi kabla mswada haujapelekwa kwa wahakiki, kazi inayochosha na ambayo hakuna anayeigombania. Mara ya kwanza tulipokuta marejeleo matatu yasiyokuwepo katika mswada mmoja, wenzangu walitaka kumfungia mwandishi asituandikie tena. Tulipozungumza naye ilidhihirika kwamba hakukusudia kudanganya. Hakujua tu kwamba rejeleo ni ahadi kwamba umekisoma unachokitaja. Tulimpa mwezi mmoja. Alirudi na marejeleo sita badala ya ishirini na mawili, na alikuwa ameyasoma yote sita.

Maadili ya utafiti ndilo jambo ambalo vijana hulipuuza zaidi bila kujua, kwa kuwa wanaowahoji ni rafiki zao na wadogo zao. Azimio la Helsinki, lililopitishwa na chama cha madaktari duniani mwaka 1964, liliandikwa kwa ajili ya utafiti wa kitabibu, lakini kiini chake, kwamba mtu akubali mwenyewe baada ya kueleweshwa na aweze kujitoa, kinamhusu pia mwanafunzi mwenye hojaji ya maswali kumi. Anayemhoji mtoto anahitaji ridhaa ya mzazi pamoja na ya mtoto mwenyewe. Na kuficha jina hakutoshi. Nilipokea mswada ambao mwandishi alikuwa mwangalifu kabisa katika kuficha majina, kisha akaandika kuhusu "msichana mmoja wa darasa la juu anayetumia kiti cha magurudumu", akimaanisha shule ambayo alikuwa ameitaja kwenye shukrani. Ndani ya shule hiyo kila mtu angemjua msichana huyo kabla hajamaliza kusoma sentensi, na angejua pia alichokisema kuhusu walimu wake.

Watu wengine huuliza kama jarida linaloongozwa na vijana linaweza kuwa la kweli. Ningewajibu kwa kuwaelekeza kwenye taaluma ya sheria. Harvard Law Review ilianzishwa mwaka 1887 na huhaririwa na wanafunzi, na mwaka 1890 ilichapisha makala ya Samuel Warren na Louis Brandeis kuhusu haki ya faragha, ambayo wanasheria wangali wanaijadili. Nchini Marekani, maprofesa wa sheria wamezoea kwa zaidi ya karne moja kupeleka kazi zao kwa wanafunzi na kusubiri jibu. Katika sayansi upo mfano wa Frontiers for Young Minds, lililoanza mwaka 2013, ambamo wanasayansi huandika na watoto ndio huhakiki wakisaidiwa na mshauri. Na upo mfano wa Journal of Emerging Investigators, lililoanzishwa mwaka 2011 na wanafunzi wa shahada za juu wa Harvard, ambamo wanafunzi wa sekondari huandika na wanasayansi huhakiki. Kila jarida limegawanya kazi kati ya kijana na mtaalamu kwa namna yake, na ninavyoona mimi, namna ya kugawanya kazi hiyo ina uzito kuliko umri wa anayeshika usukani.

Udhaifu wetu halisi uko kwingine. Wahariri wa jarida la vijana huhitimu. Kila mwaka theluthi moja ya bodi huondoka na ujuzi wake, na mara nyingine huondoka na zaidi ya ujuzi: mwaka wangu wa pili, aliyekuwa na nywila ya barua pepe ya jarida alihitimu na kubadilisha namba ya simu, na miswada kumi na mmoja ikakaa ndani kwa miezi saba huku waandishi wake wakidhani kwamba tunaitafakari kwa kina. Baadhi yao walikuwa wamehitimu nao tulipoifungua. Tangu hapo nywila hukaa kwa watu watatu wa miaka tofauti ya masomo, na kila mswada una tarehe ya kuingia na jina la anayewajibika nao, mambo ambayo karani yeyote angetushauri siku ya kwanza.

Udhaifu mwingine ni ukali. Mhakiki kijana ana hamu ya kuonyesha kwamba anajua, na njia ya haraka ya kuonyesha hivyo ni kumponda mwandishi. Nalisema hili nikiwa mkosaji. Katika mwaka wangu wa kwanza nilimwandikia mwandishi mmoja kurasa tatu za makosa yake, nikianza na koma na kumaliza na nadharia tete, zote kwa uzito uleule, na hakutujibu tena. Nilipozisoma barua zangu mwaka mmoja baadaye niliona kwamba kosa lililostahili kutajwa lilikuwa moja tu: alilinganisha makundi mawili yaliyopimwa kwa hojaji mbili tofauti. Sentensi mbili zingemtosha, na huenda angerekebisha.

Kwa upande wa mwandishi anayepokea maoni, kisa ninachokipenda ni cha Albert Einstein. Mwaka 1936 yeye na Nathan Rosen walipeleka kwa jarida la Physical Review makala iliyodai kwamba mawimbi ya uvutano hayapo. Mhariri aliipeleka kwa mhakiki, ambaye alirudisha maoni marefu ya kuonyesha kasoro. Einstein alikasirika kwamba kazi yake imeonyeshwa mtu mwingine kabla ya kuchapwa, akaiondoa na kuipeleka kwingine. Kasoro ilikuwapo. Makala ilipotoka mwaka 1937 katika jarida la Franklin Institute, hitimisho lake lilikuwa limegeuka, na baadaye ilifahamika kwamba mhakiki yule alikuwa Howard Percy Robertson, mtaalamu wa fizikia. Huwasimulia waandishi wetu kisa hiki wakiwa bado na hasira, na sehemu inayowatuliza si kwamba Einstein alikosea, bali kwamba naye alinuna.

Kuna swali la jina la nani liwekwe juu ya makala, nalo ni gumu kwa wanafunzi kuliko kwa maprofesa, kwa sababu mwanafunzi hana nguvu ya kumkatalia mkubwa. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba imeweka masharti manne ya kuitwa mwandishi, yote kwa pamoja: uwe umechangia kwa uzito katika kubuni utafiti au katika data na uchambuzi wake, uwe umeandika au kurekebisha kwa fikra, uwe umeidhinisha toleo la mwisho, na uwe tayari kuiwajibikia kazi nzima. Mwalimu aliyeazima chumba hastahili jina juu. Anastahili shukrani, tena nzuri. Kinyume chake pia hutokea, na ndicho kinachonisikitisha zaidi: mswada wenye harufu ya mtu mzima kila aya, uliotumwa na mwanafunzi ambaye hawezi kueleza kwa nini alichagua jaribio alilolichagua. Wapo wanaotoza wazazi fedha ili mtoto apate makala ya kuonyesha anapoomba nafasi ya chuo, na jarida lisilo na mlango wa kuuliza maswali huwa duka lao. Sisi humwomba kila mwandishi azungumze nasi kwa dakika ishirini. Hatumtahini, tunamwomba atusimulie siku ambayo kazi yake ilikwenda vibaya. Aliyeifanya kazi huwa na siku kama hiyo, na huisimulia kwa kirefu.

Neno moja la haraka kwa wanaotafuta pa kuchapisha: namba ya DOI inayoitambulisha makala, na ile ya ISSN yenye tarakimu nane inayolitambulisha jarida, ni anwani, na nyumba mbovu nayo ina anwani. Uliza nani anahakiki, inachukua muda gani, na kama kuna malipo yanayodaiwa baada ya kukubaliwa.

Mswada nilio nao wiki hii ni wa mwanafunzi aliyeketi nyuma ya darasa lake kwa vipindi ishirini na kuhesabu mwalimu anawaita nani wajibu maswali, wavulana au wasichana. Katika rasimu ya kwanza aliweka majedwali mawili. La kwanza lilionyesha kwamba wavulana waliitwa zaidi. La pili lilizigawa hesabu zilezile kwa safu za madawati, na ndani yake tofauti hiyo ilikuwa karibu kutoweka, kwa sababu waliokaa mbele ndio walioitwa, na wavulana wengi zaidi walikaa mbele. Katika rasimu ya pili jedwali hilo la pili halikuwepo. Nilimwandikia kumuuliza limekwenda wapi, akajibu kwamba aliliondoa kwa kuwa liliharibu matokeo, na jina la makala lilikuwa limekwisha kusema kwamba walimu hupendelea wavulana.

Nilimwomba alirudishe, na nikamuuliza swali ambalo majedwali yake mawili yalikuwa yanaliuliza pamoja: nani anayepanga wanafunzi wakae wapi? Alikaa kimya siku nne. Juzi alituma ujumbe kwamba amemuuliza mwalimu, na kwamba katika darasa hilo kila mtu hujichagulia dawati siku ya kwanza ya muhula, anayewahi ndiye anayekaa mbele. Kisha akauliza kama inaruhusiwa makala kubadilishwa jina kwa mara ya tatu. Nimemjibu kwamba inaruhusiwa, na kwamba muhula ujao unaanza baada ya wiki tano, kwa hiyo akitaka kusimama mlangoni siku ya kwanza na daftari lake, tutamsubiri.